Upande wa Bwana Harusi

Tulimzika Mzee Nzioka huko Shimba Hills mwezi uliopita, manyunyu yakitulowesha, nami nikasimama nyuma kabisa nikimlilia mtu ambaye mazungumzo yangu naye ya maisha mazima yangemalizika kwa kikombe kimoja cha chai. Waliopewa nafasi ya kumsifu walisifu ualimu wake, uzee wake wa kanisa na michungwa aliyoipanda kwa mkono wake. Hakuna hata mmoja aliyemsifu kwa lile nililompendea mie, kwamba alikuwa mtu wa shaka. Wenye shaka twajuana bwana, kama wavuta ugoro wanavyojuana sokoni. Nami ndivyo nilivyo, wala sioni haya kulisema. Muuza samaki wa Msambweni akiniambia samaki ni wa leo, nafunua matamvua kwanza ndipo nimwitikie salamu. Nikiambiwa mahali ni hapo tu, navaa viatu vya mwendo mrefu. Kazi ya kupiga picha ndiyo iliyonitia tabia hii, au labda niliingia nayo kazini, hilo sijaliamua mpaka leo. Ninachojua ni kwamba pale kaburini, Loise bintiye alipokuja akanishika mkono asiuachie, sote wawili tulikuwa tukiiwaza siku moja, nayo ni ya ule mwaka tuliopanga chumba kimoja Ukunda, wasichana wawili, mie nikijifunza kushika kamera, yeye akitafuta idhini ya babake aolewe.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe, mwingine wa mabati yaliyoanza kulia mara tu jua lilipoyapata. Tulikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, ndoo za maji, na pazia la maua lililokigawa chumba, ambalo tulilivuta mgeni akija tu. Loise alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja kubwa ya Diani. Asubuhi alitoka amenyooka, sare imepigwa pasi, ungedhani katoka nyumba ya ghorofa. Mie nilishika njia ya studio ya Bwana Kassim, kando ya barabara, nikafagie, nichanganye dawa za kusafishia picha, na siku za bahati nishikishwe kamera. Loise alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mie Mdigo na mswala wangu, wala hatukuwahi kukosana kwa hilo. Ramadhani yeye ndiye aliyenikorogea uji wa futari kabla sijafika, na Krismasi mie ndiye niliyeumua mahamri. Kilichotukosanisha kilikuwa kimoja tu, nacho kikiitwa Tsuma.

Huyu Tsuma alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ileile, kijana mrefu, mpole, sauti yake ya chini. Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu, na mpishi mara nyingi nilikuwa mie: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha. Alikula haraka, mkono wa kushoto kauzungushia sahani kama anayeogopa itanyakuliwa, kisha akaondoa vyombo na kuviosha bila kuombwa. Huko kuosha vyombo ndiko kulikonitia shaka zaidi. Nilimwambia Loise kwamba mwanamume anayeosha vyombo kabla ya ndoa ana jambo, naye akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mie nilikuwa nikimsikiliza yule kijana, na sikupata habari zake hata za kujaza kiganja. Hakusema "kwetu" hata siku moja. Mtu yeyote ninayemjua, mpe chai, atakwambia kwetu maembe ni matamu zaidi, kwetu mwaka huu mvua imegoma. Tsuma alisema "kule Samburu", ile ya Waduruma kwenye barabara kuu ya Nairobi, kama dereva wa lori anavyoutaja mji aliosimama kununua maji. Nikamtega. Nilimwuliza hupanda nini huko, akanijibu mahindi na mtama, na kufuga mbuzi, jibu la kitabu cha jiografia. Nilimwuliza mamake humpikia nini akienda likizo. Akaniuliza kama kuna chumvi, na mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Mzee Nzioka alitutembelea mara moja mwaka ule. Alikuja na gunia la machungwa, akakataa kiti, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Loise na kofia gotini. Pazia likavutwa, nami nikabaki upande wangu nikijifanya nashona kifungo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, hakujua kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa hiyo niliyasikia yote bila taabu. Alikwisha kumrudisha kijana mmoja wa kwanza, karani wa Mombasa, kwa kuwa ami zake wawili walitaja majina tofauti ya babu mmoja. Sasa alitaka kujua huyu Tsuma watu wake ni akina nani, na mbona hawajapiga hodi. Loise akasema mara wako mbali, mara wana shughuli.

"Simkatai kwa umaskini," mzee akasema. "Mie mwenyewe nilioa sina godoro. Lakini mtu asiye na watu, siku akikukosea, nitamshtaki kwa nani?"

Akaendelea kumwambia kwamba hata kanisa likijaa na pete zikivishwa, huyo kijana akionekana hana kwao, yeye atasimama mbele ya wageni amshike binti yake mkono arudi naye nyumbani. Na alikuwa mtu wa kulifanya. Kule nyuma ya pazia mie nilikuwa nikimkubalia kwa kichwa, kwani maneno yale niliyatamani muda mrefu na sikuwa na cheo cha kuyasema.

Basi haukupita muda, watu wakapatikana. Babake Tsuma akajitokeza, Mzee Ndoro, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Samburu, akapanda Shimba Hills na wazee wenzake wawili kwenda kuposa. Loise alinisimulia jinsi babake alivyowauliza ukoo, mto wanaonywesha mifugo, hata lilipo kaburi la babu, na Mzee Ndoro akajibu yote bila kusita. Mahari yakakubaliwa. Mama, wakasema, ataonekana siku ya harusi. Loise akaanza kuimba akipiga pasi. Mtu aliyekuwa akilowesha mto kwa machozi, leo anaimba, nami hilo halikunipita. Jioni moja natoka bombani na ndoo kichwani, nikamkuta yeye na Tsuma wamesimama kando ya mlango, nikamsikia Loise akisema: "Wakikuuliza lolote, wewe nyamaza. Nitajibu mie." Waliponiona wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Usiniambie mtu mwenye akili timamu angelala vizuri baada ya hapo. Nilijua kuna mke mahali, Samburu au Mariakani, pengine na watoto, na kwamba rafiki yangu anaingizwa shimoni akiimba. Nilipomwambia, alinipa pole. Akasema mie ningemshuku hata mtoto mchanga.

Harusi alikuwa apige picha Bwana Kassim. Wiki ile malaria ikamlaza, na mwenyewe akanikabidhi kamera yake akiwa kitandani, blanketi mpaka shingoni, akinionya kwamba filamu si maji ya bomba, nisibonyeze mpaka nimeona. Akaniambia nisihangaike na nyuso, kwani uso kila mtu amejifunza kuutengeneza. Nitazame mikono na miguu. Nilimwitikia nimeikumbatia kamera kwa mikono miwili, maana haikuwa harusi ya uani. Hoteli ilimpenda Loise, ikampa ukumbi wake wa bustanini na mpishi mkuu. Kanisani viti vilifungwa tepe nyeupe, mawaridi yaliletwa kutoka bara, kwaya mbili zilivaa mavazi mapya. Gauni lilikuwa la hariri, limebana kiunoni na kuachia mkia ambao wasichana wawili waliubeba. Mlangoni mzee mmoja aliutazama ushungi wangu akaniuliza kwa upole kama nimepotea njia. Nikamwonyesha kamera. Akaniomba radhi, akanipa nafasi ya mbele kabisa.

Gari la wazazi wa bwana harusi lilifika limepambwa maua, nami nikakaa tayari kuwapiga picha wakishuka pamoja. Akashuka mama. Alikuwa na haiba, mama yule. Kitenge kipya, kilemba kimesimama, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Aliitwa Mama Mbodze. Nikangoja baba ashuke. Gari tupu. Mzee Ndoro akaonekana baadaye, nyuma ya pikapu ya kwaya, amesimama katikati ya ngoma, suti imejaa vumbi na upepo. Nilimwuliza dereva wa lile gari, akaniambia mzee kakataa kupanda, kasema gari la kufungwa madirisha humtia kichefuchefu. Mtu ambaye maisha yake yote amesafiri na mbuzi! Ndani wakaketi benchi moja, mama ncha hii, baba ncha ile, na katikati pakabaki pahali pa kulaza mtu. Ibada ikiendelea, leso ya mama ikamdondoka, ikaangukia karibu na kiatu cha mzee. Nilikuwa nimemlenga. Aliitazama leso ile kama mtu aliyeona nyoka, akaurudisha mguu wake polepole, akangoja mpaka mhudumu wa kanisa alipopita akaiokota. Nikageuza kamera upande wa pili nitafute uso wa baba wa bibi harusi, nimpate akimtazama binti yake. Hakuwa akimtazama binti yake. Mzee Nzioka alikuwa akiitazama leso.

Viapo vikaapwa, pete zikavishwa, vigelegele vya akina mama wa Shimba Hills vikatikisa paa. Tukatoka nje kwa picha za jamaa. Upande wa bibi harusi haukunisumbua, walijipanga wenyewe kama darasa. Nikaita upande wa bwana harusi, nao ukaja upande mwembamba sana: wale wazee wawili wa posa, wafanyakazi wenzake wa hoteli, na wazazi. Desturi ya Bwana Kassim ni baba na mama kusimama bega kwa bega kulia kwa mtoto wao. Nikamwomba baba amsogelee mama. Akarudi nyuma. Nikamwomba mama amsogelee baba. Akavuta mtandio wa begani ukamfunika shavu, akatazama kando. Nikaenda kumshika mzee mkono nimsogeze mwenyewe, akaruka. Ndipo nilipoikumbuka miguu na mikono. Mikono ya mzee ilikuwa nyuma, vidole vimeshikana. Miguu yake ilielekea mbali na mama, tayari kuondoka. Nimewapiga picha mke na mume waliogombana, wengi tu; hao hujitenga kwa hasira, mabega yamekakamaa. Hawa hawakuwa na hasira hata chembe. Walikuwa na adabu. Nami adabu ile naijua tangu utotoni, kwetu na kwa Waduruma ni moja: mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali sinia moja, hawaketi kitanda kimoja, na akimwona njiani humpisha. Lahaula. Huyu mama hakuwa mkewe Mzee Ndoro. Alikuwa amemzaa mkewe.

Niliwaweka maharusi katikati, mama huku, baba kule, nikasema picha ya mtindo huo ndiyo ya kisasa, nikabonyeza. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kioo cha kamera. Siku hizi nawaona vijana na kamera zao zisizo na filamu, wanafyatua mfululizo kama wanaochambua kunde, wanakwenda kutazama walichokipata wakishafika nyumbani. Siwalaumu, kazi imebadilika. Lakini wangekuwepo siku ile wangepata picha nyingi nzuri na wasingeona kitu, na pengine ingekuwa heri. Mie niliona, na nikishaona sijui kufumba. Nilisadiki kwamba Tsuma amemkodia rafiki yangu wazazi wa uongo, na wa uongo wenyewe hawakujua hata kupangwa.

Hotelini Loise alipewa chumba cha kubadilishia nguo, kioo kirefu, kitanda kimefunikwa magauni. Shangazi yake alipotoka kutafuta pini, nikaufunga mlango kwa mgongo.

"Loise, wale si mtu na mkewe. Umedanganywa."

Alikuwa akivaa hereni. Hakugeuka. "Sijadanganywa, Mwanasha. Mie ndiye niliyewatafuta."

Akaniambia yote mbele ya kile kioo, upesi, akichungulia mlango. Tsuma alizaliwa kando ya barabara kuu pale Samburu, na mwanamke aliyekuwa safarini, ambaye alifariki kabla ya kuulizwa jina. Mtoto akalelewa nyumba hii leo na ile kesho, akala alipokuta kunaliwa, akakua akiosha malori. Katika waliompa pa kulala, mmoja ni Mzee Ndoro, kwenye banda la mbuzi. Loise alikwenda mwenyewe kumwomba asimame kama baba, na mkewe asimame kama mama, nao wakakubali bila kutaka kitu. Kumbe wiki ya harusi yule mke akajifungua kabla ya wakati. Mamake aliyekwenda kumlea mzazi aliposikia kwamba kijana ataoa mbele za watu bila mama, akavaa kitenge kipya cha bintiye, akaja. Loise aliyajua hayo kwenye ngazi za kanisa. Na yeye, mtoto wa mwalimu, aliyelelewa kwa nyimbo za ibada na kengele ya shule, hakuna aliyewahi kumfunza ukwe huwafanya nini watu wawili kwenye benchi moja.

Nilimwuliza ana hakika gani kwamba hadithi yenyewe ya Tsuma ni kweli. Mtu aweza kujitungia uyatima kama anavyojitungia ukoo. Hapo ndipo alipogeuka.

"Mie ni mtoto wa Nzioka. Nilikwenda Samburu nikauliza nyumba kwa nyumba kabla sijamkubali."

Nilikumbuka ule mkono uliozunguka sahani kwenye chumba chetu, nikaona uchungu, tena uchungu wa kweli, na papo hapo nikaona hofu. Kwa maana pete zilikwisha kuvishwa, lakini kwa watu wa Loise ndoa isiyo na neno la baba ni karatasi ya serikali tu, na neno la baba lilipangwa kusemwa ukumbini, baada ya keki. Hereni ya pili ikakataa kuingia sikioni, nikamvika mie. Akaniomba babake akiniuliza nisimwambie. Nikamwambia mie sisemi uongo. Akasema hataki niseme uongo, ila nisiseme tu. Shangazi akarudi na pini.

Ukumbi ulikuwa mzuri, sitauonea wivu. Viti vyeupe, vitambaa vya mezani vimekunjwa maua, feni zikizunguka taratibu, bahari ikisikika nyuma ya bustani. Wahudumu walikuwa ni rafiki zake Tsuma, wakampitishia sinia kwa heshima ya utani, mhudumu wa mezani leo anahudumiwa. Palikuwa na pilau, biriani, samaki wa kukaanga, na kwa wageni wa Shimba Hills, isyo la mahindi na maharagwe. Nilikuwa nimezunguka meza zote nilipoona kidole cha Mzee Nzioka kikiniita. Alikuwa peke yake upande wake wa meza kuu, mkewe alifariki zamani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Binti," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza chini, "wewe ni mwenyeji wa huku, na siku nzima unawatazama wale wawili kwa hicho kioo chako. Umeona nini?"

"Mzee, nimeona kwamba yule bwana anamheshimu yule mama kuliko mume yeyote niliyepata kumpiga picha."

Alinikazia macho. Akasema sivyo alivyouliza. Nikamjibu najua. Basi akatazama upande wa pili wa ukumbi, ambako Mzee Ndoro alikuwa akila amempa mgongo Mama Mbodze, na akaanza kunisimulia, taratibu, kwamba zamani huko kwao Ukambani mwanamume akimwona mamake mkewe anakuja njiani, huingia kichakani mpaka apite. Akaniuliza kama na sisi tulikuwa na desturi hiyo. Nikasema tunayo. Akanishukuru, akaniambia niende nikale. Nilipewa pilau sahani nzima, nikaiacha mezani nikarudi kwenye kamera. Alikwisha kujua. Kilichobaki ni yeye kusimama na kufanya alichokiahidi kule ukingoni mwa kitanda chetu, na zamu yake ilikuwa karibu.

Keki ikaletwa. Mshereheshaji alikuwa kijana wa Nairobi, mchangamfu, Kiswahili chake nusu na Sheng nusu, hajui mila ya mtu wala hajali. Maharusi wakakata, wakalishana, Loise akapiga magoti akamlisha babake, naye akala bila kutabasamu. Kisha yule kijana akawaita wazazi wa bwana harusi mbele. Wakaja, kila mmoja kwa njia yake kati ya meza. Tsuma akawalisha. Tungeishia hapo, lakini kijana alikuwa na kipaza sauti na ukumbi umechangamka. Akampa Mama Mbodze kipande juu ya kisahani, akatangaza kwamba sasa mama atamlisha mzee wake, tuone mapenzi ya zamani, na sisi wapigapicha tukae tayari. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Mzee Ndoro akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Huyu ni mtu mzima, na mbele yake anasimama aliyemzaa mkewe, anatakiwa afungue kinywa alishwe kwa vidole vyake. Afadhali angeambiwa avue nguo. Loise alikuwa ameshika meza. Tsuma hakushika kitu, alisimama tu mikono imening'inia, kama mtu anayengoja kufukuzwa mahali, na nadhani alikuwa na uzoefu. Mzee Nzioka alikwisha kusukuma kiti nyuma. Alikuwa amesimama.

Mama Mbodze alikitazama kile kipande. Halafu akaanza kwenda. Akampita Mzee Ndoro kwa mbali kama ipasavyo, akampita mshereheshaji aliyekuwa bado anacheka kwenye kipaza sauti, akaukata ukumbi wote mpaka meza kuu, akasimama mbele ya Mzee Nzioka. Makofi yakapotea. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba kwao mume halishwi mbele za watu. Siku ya harusi anayelishwa na mama wa kijana ni mzee aliyewapa binti, kwani nani ale kabla yake. Mie ni mzaliwa wa pwani hii na nimepiga picha harusi za kila namna tangu hapo, na desturi hiyo sijaisikia kabla wala baada. Mama yule aliipika palepale, kati ya keki na meza kuu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Nilikuwa nimemfuata na kamera, nimeinama pembeni mwa meza, karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Kipande cha keki kilikuwa mbele ya mdomo wa Mzee Nzioka, na mdomo ulikuwa umefungwa. Akaongea kwa sauti ya chini sana, katikati ya vigelegele vyote vile.

"Mama, niambie kweli. Huyu kijana ni wako?"

Mkono wa mama haukushuka. "Tangu leo ni wangu. Akimkosea binti yako, uje unishtaki mie, Samburu, uliza kwa Mbodze utaonyeshwa. Haya, fungua kinywa, mzee. Watu wanangoja."

Mzee Nzioka alimtazama. Akamtazama Tsuma, aliyesimama peke yake kule katikati ya ukumbi. Akafungua kinywa. Alitafuna polepole kama anayesahihisha mtihani, akameza, akajifuta midomo, kisha akamwambia mhudumu aliyekuwa karibu amletee huyu mama kiti, akiweke hapa, upande wake, kwa kuwa wana mengi ya kuzungumza wao kama wazazi. Katika ukumbi mzima, aliyeshusha pumzi kwa sauti alikuwa ni Mzee Ndoro.